Herufi Zilizonenepa

Kama umewahi kuandikiwa barua ya kuomba kazi, ya kuomba ruhusa au ya kulalamikia mpaka wa shamba pale Nsemulwa, Mpanda, huenda ilipita mikononi mwa Theopista. Steshenari yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati wa buluu. Ndani mna kompyuta, mashine ya kuchapia, mashine ya kutolea kopi inayokohoa kila ikiamshwa, na kiti kimoja cha mteja. Barua zake zote zinaanza namna moja: "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Hata mteja asipokuwa na cha kurejea, atarejea. Ukimwambia aliondoe neno hilo, anakutazama kana kwamba umemwomba aandike barua bila tarehe.

Watu wanamjua hivyo: mama wa makamo, Mpimbwe wa Usevya, mkali kwa makosa ya herufi, anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga giza likiwa limeshaingia. Husema, mama yule anapenda kazi. Watu bwana! Mtu akikosa pa kwenda, mnasema anapenda kazi.

Zamani alikuwa na pa kwenda. Alikuwa na mume, Alois, mtoto wa Karema kule ziwani, fundi wa maandishi. Kabla ya mabango ya nailoni kufika, ukuta wa duka lolote la maana mjini ulikuwa umepitiwa na brashi yake. Aliandika bila rula, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, na herufi zake zilikuwa nyembamba, zimenyooka, hazina maringo. Isipokuwa J. J ya Alois ilishuka vizuri, ikakunja mkia, kisha mkia ukapanda juu kama ndoano inayotaka kujinasa yenyewe. Theopista alikuwa akimtania: "Hiyo J yako ipo siku itanasa mtu."

Jioni, akitoka kazini, Alois alipita steshenari na kopo lake la rangi. Alisimama mlangoni, akaukaza uso kama karani wa serikali, akasema, "Tafadhali rejea." Maana yake, mama, funga, twende nyumbani. Hakuna mwingine aliyeuelewa utani huo, na ndiyo maana waliupenda. Theopista alicheka, akajibu, "Nakuja," na vidole vikaendelea kuchapa. Alois alingoja kidogo, akatangulia. Miaka ya mwanzo mkewe alimfuata baada ya dakika kumi. Miaka ya baadaye alimkuta ameshakula, chakula chake kimefunikwa kwa sahani, na mwenyewe amelala.

Kazi ziliongezeka kwa sababu ya mabango. Theopista aliyatengeneza kwenye kompyuta, yakachapwa Tabora, yakaja na basi yamekunjwa kama mikeka. Mwenye duka la dawa, ambaye Alois alikuwa akimwandikia ukuta kila mwaka, alikuja kwa Theopista kuagiza bango. Theopista hakukataa. Angekataaje, naye ndiye mwenye mashine? Bango likaja, likapigiliwa misumari juu ya herufi za Alois. Alois mwenyewe alipita, akasimama, akalisoma lote hadi namba ya simu, akacheka. "Tumehamia kwenye nailoni," alisema. Mwaka huo kuta tatu zikavaa nailoni. Mwaka uliofuata zikavaa zote.

Ndipo Alois aliposema anarudi kwao Karema kwa muda. "Boti haivai bango," alimwambia mkewe. "Ikivaa, upepo utalichukua siku ya kwanza. Kule bado wananihitaji." Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana mtu aliyegombana anajua pa kuombea radhi. Alifunga brashi zake kwenye gazeti, akapanda basi. Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nne.

Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Jumapili moja alisema, "Mama Jeni, njoo huku siku mbili tu. Kuna kitu nimekiandika, nataka ukisome kwa macho yako."

Theopista alikuwa na kadi za kipaimara za parokia nzima. "We mwanaume, nitaacha vipi kazi za watu? Nipigie picha unitumie."

"Simu yangu ya tochi hii, haipigi picha."

"Azima ya mtu basi."

Upepo wa ziwa ulisikika kwenye simu. "Haya," alisema Alois.

Picha haikuja. Wiki tatu baadaye ilikuja simu ya shemeji yake, kwamba homa imemchukua Alois kwa siku nne, na kwamba watu wameshaanza kukusanyika. Theopista alifika Karema na vumbi la njia nzima usoni. Wakamzika mumewe kwao. Waombolezaji walisema yale ya siku zote, wino wa Mungu haufutiki, naye akaitikia kama wanavyoitikia wote. Lakini baada ya matanga alishuka pwani ya ziwa peke yake na kitenge chake cha msiba, akapita boti moja baada ya nyingine akizisoma. Tusemezane. Waache Waseme. Mungu Hana Haraka. Zote zilikuwa na mkono wa Alois, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno lake yeye. Akarudi tena kesho yake, akasoma upya kama mtu aliyepoteza sindano. Wavuvi waliona haya kumuuliza. Siku ya tatu alipanda basi kurudi Mpanda.

Miaka kumi na moja sasa. Kila ukuta ambao Alois aliuandika umefunikwa na bango au umepakwa chokaa. Nyumbani kwao Mpanda hakuacha hata herufi moja, mganga hajigangi, mlango wa fundi ulikuwa mtupu. Jeniffer, binti yao, ameolewa Dodoma, anapiga simu akikumbuka. Theopista haumwi na ukimya wa nyumba peke yake. Ukimya mtu anauzoea. Kinachomuuma ni lile neno. Mumewe alikaa chini, akaandika kitu kwa ajili yake, akamwomba aende akakisome, naye akaagiza picha, kama anavyoagiza kwa wateja. Kilikuwa nini? Lawama? Kwaheri? Angepewa nafasi ya kujua kitu kimoja tu kabla ya kufa, asingeuliza siku ya kufa kwake. Angeuliza hicho.

Jumanne moja ya mwezi wa nane mwaka huu, asubuhi, aliingia kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, ananuka samaki wa kukaushwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kopi?"

"Hapana mama angu. Mimi naitwa Hezron, nimetoka Karema." Akatoa simu, akaipangusa kwenye suruali. "Nimeambiwa huku kuna mama anaweza kupunguza herufi."

Theopista aliposikia Karema alikaza macho kwenye simu ili asilazimike kumtazama mtu. Kwenye picha kulikuwa na ubavu wa boti ya mbao, kijani iliyopauka, na juu yake maandishi meusi manene, yamevimba, yamebanana kama magunia ya mpunga kwenye lori. Ilibidi aitazame mara mbili ndipo akasoma: BEJEA.

Hezron akaeleza. Boti ilikuwa ya marehemu baba yake. Kila mwaka kabla ya kuishusha majini, kijana yeyote aliyekuwa karibu alipewa brashi apitishe rangi juu ya jina, na kila aliyepitisha alitoka nje ya mstari kidogo. Mwaka juu ya mwaka, herufi zikanenepa. Sasa boti imeoza, wamechonga mpya, na ndugu wote wamekubaliana jina liwe lilelile na kwa mwandiko uleule, maana boti ya mzee ilikuwa na mkono mzuri wa samaki na hawataki kuuchezea. Fundi wao wa rangi alitaka kukata kadibodi kwa kuifuatisha picha, akashindwa. Ukikata herufi nene namna hiyo zinaungana, kadibodi inabaki shimo moja.

"Ndiyo maana nimeleta kwako. Uzipunguze, zirudi nyembamba, lakini ziwe zilezile. Usituwekee za kwenye kompyuta."

"Na Bejea ni nini?"

Hezron alicheka, akajikuna shingo. "Mama, hapo umenishika. Wengine wanasema Kibembe, lugha ya ng'ambo ya ziwa. Wengine wanasema jina la mzimu wa ziwa. Mzee hakujua kusoma, alikuwa anaiita 'ile yangu' tu. Sisi tulikuwa wadogo, tumelikuta jina, tunaliita."

"Boti yenyewe iko wapi? Ningepata picha nyingine ya karibu."

"Tumeshaipasua kuni, mama. Tumekaushia samaki, migebuka."

Theopista akamwambia arudi saa tisa. Kijana akaenda zake sokoni kutafuta misumari na lami.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni. Wateja wake wengi huleta mihuri iliyovujisha wino na vyeti vilivyotolewa kopi ya kopi mpaka maandishi yakafura. Akaihamishia picha kwenye kompyuta, akainyoosha, akaondoa rangi ya kijani, madoa na kamba iliyokatiza. Akaisukuma picha mpaka zikabaki rangi mbili tu, nyeusi ya herufi na nyeupe ya ubao. Halafu akafungua chujio ambalo programu inaliita Maximum. Alipojifunza kazi hii jina hilo lilimsumbua sana: anataka kupunguza, na mashine inamwambia aongeze. Ilimchukua wiki kuelewa kwamba kinachoongezwa ni ule weupe. Weupe unasogea ndani kutoka kila upande, unakula ukingo wa weusi sawasawa, na herufi inakonda. Lakini ukizidisha, weupe unakula mpaka mfupa, herufi inakatika.

Akaweka kipimo cha moja. Herufi zilipungua kama mtu aliyevua koti. Akaweka mbili. E ya kwanza ikaachana na jirani yake. Akanywa chai iliyopoa, akaweka tatu.

Kilichounganishwa na rangi ya juu juu ndicho huachia kwanza. Katikati, pale palipokuwa na bonge tu, weupe ulitoboa tundu dogo, tundu likawa uwazi, na uwazi ukauonyesha mkia. Mkia ulishuka, ukakunja, ukapanda juu kama ndoano.

Theopista alikiachia kipanya cha kompyuta. Akasema kwa sauti, chumbani hamna mtu, "Alois."

Hakuwa na shaka hata kidogo. Kuna watu wanaotambua wapendwa wao kwa sauti ya nyayo, yeye alimtambua kwa J. Moyo ulianza kumwenda mbio hata akaona aibu, mama mzima. Mteja aliingia kutaka kopi ya kitambulisho, akamtolea, akamrudishia kitambulisho kilichosahauliwa na mteja mwingine, wakabadilishana, mteja akaondoka. Theopista akarudi kwenye kiti. Kwa hiyo boti hii nayo ilikuwa ya Alois. Alipopita pwani akizisoma, hii huenda ilikuwa safarini Kipili au kwingineko. Lakini Bejea? Alois hakujua neno la Kibembe hata la kuombea maji.

Akaweka nne. E zikasimama vizuri, A ikapata tundu lake. Akaweka tano, akijua kwamba hapo ni mwisho, sita itavunja mifupa. Chini kabisa ya herufi ya kwanza, pale tumbo la B lilipogusa shina lake, weusi ulikuwa umebaki uzi. Uzi ukakatika. Tumbo la chini likafunguka, na halikuwa tumbo tena, lilikuwa mguu umetupwa mbele, mguu wa mtu anayetembea.

REJEA.

Alikaa akiitazama. Mwanzoni hakulia. Alisikia kitu kama aibu, halafu kama joto, halafu ile sauti iliyokazwa kama ya karani, imesimama mlangoni na kopo la rangi. Tafadhali rejea. Mzee asiyejua kusoma alimwachia fundi achague jina, na fundi akaandika neno moja la mkewe kwenye ubavu wa boti, herufi ndefu kama mkono wa mtu, akangoja aje acheke. Haikuwa lawama wala kwaheri. Ulikuwa utani wao. Alikuwa anamwita nyumbani, kama jioni zote.

Naye Theopista alisema, nipigie picha unitumie. Sasa picha imefika.

Hapo ndipo Theopista alipolia, kichwa kwenye kibodi, mpaka skrini ikajaa herufi zisizo na maana. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwake alikuwa amekua, ana miaka kumi na moja.

Saa tisa Hezron alirudi na mfuko wa misumari. Theopista alikuwa amenawa uso. Akaigeuza skrini.

"Baba, njoo uone. Jina la boti yenu siyo Bejea. Hiyo herufi ya kwanza ni R. Rangi ndiyo iliyoifunga kwa chini, mkaisoma B. Aliyeandika aliandika Rejea."

Hezron aliinama, akasoma kwa midomo. Akaanza kucheka, akapiga paja. "Aisee! Na wazee wetu wanaapa kabisa kwamba ni Kibembe!" Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu uso ukatulia. "Mama, sasa si matatizo hayo? Leseni imeandikwa Bejea. Kwenye daftari la uvuvi ni Bejea. Mtoto wa dada yangu anaitwa Bejea, kazaliwa mwaka ule samaki walivyojaa. Nikirudi na Rejea wataniuliza boti ya mzee nimepeleka wapi."

"Ndivyo ilivyoandikwa lakini."

"Naelewa, mama angu. Mwandiko ni huuhuu, nimeuona, ndio wenyewe. Ila hiyo ya kwanza nifungie iwe B. Samahani kama nakusumbua."

Theopista alimtazama kijana huyu aliyekuwa ameshika kofia mkononi. Alitaka kumwambia. Neno lilifika kooni: aliyeandika alikuwa mume wangu, na alikuwa ananiita mimi. Lakini angemwambia ili iweje? Ili boti ya watu ibebe wito ambao yeye hakuuitikia? Jina lilikuwa limeshapata wenyewe. Hata mtoto alikuwa nalo. Neno likashuka lilikotoka.

"Siyo usumbufu," alisema.

Akachukua brashi ya kwenye programu, nyeusi, nyembamba. Akaugusa ule mguu uliotupwa mbele, akaukunja ndani, akaurudisha kwenye shina. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. BEJEA, nyembamba, safi, na J yake na mkia wake. Akaacha vishikizo vidogo ndani ya B na A ili kadibodi isidondoshe matumbo, akachapa kila herufi kwenye karatasi yake, akazipanga kwenye bahasha.

Hezron alishukuru kwa mikono miwili. Mlangoni akageuka. "Ukija Karema, mama, uliza boti ya Bejea. Utakula samaki, kuhe wa ziwani, mpaka uchoke."

"Haya, baba. Safari njema."

Akabaki peke yake na faili lile la kwanza, lenye REJEA, ambalo hakulifuta. Alilichapa mara moja, akalitazama kwenye karatasi, akaliweka juu ya meza. Jua lilikuwa bado lipo juu, linaingia mlangoni mpaka kwenye miguu ya kiti cha mteja. Saa ya kompyuta ilionyesha kumi na dakika tano. Kulikuwa na kazi tatu zinazosubiri, mojawapo bango la harusi. Theopista alizima kompyuta. Akazima mashine ya kopi, ikakohoa, ikanyamaza. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

Alikuwa anafunga kufuli pale Fausta, mwalimu wa jirani, alipofika mbio na karatasi zake za mtihani.

"Mama Jeni! Unafunga? Saa hizi? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nina karatasi mbili tu, dada yangu, nakuomba."

"Kesho, mwalimu. Nimeitwa nyumbani."

Fausta akatabasamu, akafurahi kwa ajili yake. "Ee, Jeniffer kaja? Au mna mgeni?"

Theopista alitikisa kichwa, akaangalia pembeni, akaanza kutembea. Alitembea haraka, kama mtu aliyechelewa, akapita duka la dawa na bango lake, akapita mashine ya kukoboa mpunga, mpaka kwenye mlango wake usio na herufi. Akafungua. Ndani mlikuwa na meza, na juu ya meza sahani moja imefunikwa kwa nyingine, kiporo chake mwenyewe cha jana.

"Nimekuja," alisema.

Akasimama pale mlangoni muda mrefu, mkono umeshika ncha ya kitenge.